Mahali pa Kila Kiumbe

Msafiri apitaye kwa jahazi mbele ya delta ya Rufiji, akitupa macho upande wa bara, huona msitu wa rangi moja na kimo kimoja, uliotanda kutoka mlango mmoja wa mto mpaka mlango mwingine, na akiwa mgeni wa pwani huenda akadhani kuwa anaona mti wa namna moja uliozaliana mpaka ukaijaza nchi. Mkata boriti aliyezaliwa katika vijiji vya huko hawezi kudhani hivyo. Yeye ajua ya kuwa mlilana husimama mbele, mahali ambapo mawimbi hupiga na maji huondoka kwa saa chache tu. Ya kuwa nyuma yake hufuata mkoko, wenye mizizi iliyopindana juu ya tope, pamoja na msinsi. Ya kuwa mkandaa hukaa ndani zaidi, penye ardhi iliyoinuka kidogo. Na ya kuwa mchu, ingawa pengine huonekana hata ukingoni mwa bahari, ndio aghlabu uwekao mpaka wa mwisho baina ya maji ya chumvi na nchi kavu. Hakufundishwa hayo darasani. Amefundishwa na shoka lake, kwa kuwa atakaye boriti za dari na atakaye mataruma ya jahazi hawaendi kukata mahali pamoja.

Maarifa hayo ya mkata boriti ndiyo mlango wa jambo ninalotaka kulieleza, nalo ni maskani ya viumbe, ambalo ni shina la elimu ya ikolojia. Maskani ya kiumbe ni mahali ambapo kiumbe hicho hupata pamoja, bila ya kukosekana hata kimoja, vitu vyote ambavyo maumbile yake yanavidai ili kizaliwe, kikue, kijilinde na kiache uzao: chakula chake, maji yake, kiasi chake cha joto na mwanga, udongo au mwamba wa kushika, na maficho ya kuwakwepa maadui. Pakiwa na chakula tele lakini hapana pa kuzalia, hapo ni mahali pa kupita tu, si maskani. Karibu na neno hilo wataalamu wameweka neno la pili, biotopu, wakikusudia kipande cha nchi au cha maji ambacho hali zake zinalingana toka upande mmoja mpaka upande wa pili, na kwa sababu ya kulingana huko kikakaliwa na jamii ile ile ya mimea na wanyama kila unapokitazama. Maskani hutajwa kwa jina la anayekaa: twasema maskani ya kaa koko, maskani ya kima punju. Biotopu hutajwa kwa jina la mahali penyewe: tope la mikoko, mwamba ufunikwao na maji, ukingo wa mto wenye mafunjo. Biotopu ni mfano wa mtaa, ambao wakaazi wote wanashiriki barabara moja na kisima kimoja, ilhali maskani ni nyumba ya kila mmoja, yenye mlango wake na ufunguo wake.

Mjerumani Ernst Haeckel ndiye aliyeipa ikolojia jina lake, mwaka 1866, lakini kwa maoni yangu msingi wa jambo hili uliwekwa na mwenzake, Karl Möbius, mwalimu wa elimu ya wanyama katika mji wa Kiel, ambaye serikali ya Prussia ilimtaka achunguze kama chaza wangeweza kufugwa kotekote katika pwani za kaskazini ya Ujerumani. Möbius alikwenda kutazama chaza, akaona zaidi ya chaza. Aliona kuwa pale wanapokaa chaza hapakosekani pia viumbe wengine maalumu, wakubwa na wadogo, wanaokula pamoja, wanaolana na wanaozuiana wasizidi, na kuwa jumuiya hiyo yote imefungamana na chumvi ya maji, na mkondo, na ugumu wa sakafu ya bahari mahali pale. Kitabu chake kilitoka mwaka 1877, na jibu alilowapa wakubwa waliomtuma, ambao bila shaka walitamani jibu jingine, lilikuwa kwamba chaza hawi popote atakapo mfugaji. Mwaka 1908 Friedrich Dahl, mtaalamu wa buibui katika makumbusho ya Berlin, akaliongezea wazo hilo neno la biotopu, ili pawe na jina la mahali kama vile Möbius alivyoipa jina jumuiya ya wanaokaa hapo.

Turudi kwenye mikoko, maana hapo ndipo mtu anapoweza kuyaona mambo haya kwa macho yake na kuyashika kwa mkono wake. Katika pwani yetu miti ya jamii hii haizidi aina kumi, na zote zinakabiliwa na mashaka matatu: chumvi, ambayo huua mimea mingine, tope jeusi lisilopitisha hewa, lenye harufu ya yai viza, na maji yanayojaa na kupwa mara mbili kila siku. Lakini mashaka hayo hayagawanywi sawasawa. Mbele kabisa, maji hufika kila yajaapo, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kina chake hupanda kiasi cha mita 4 juu ya pale yalipokupwa. Nyuma, karibu na mashamba, maji mafu hayafiki kabisa. Bahari huja kwa siku chache za bamvua, ikaacha maji yake juu ya ardhi, jua likayakausha, chumvi ikabaki. Yakirudiwa hayo miezi na miaka, udongo ulio mbali na bahari hugeuka kuwa mchungu wa chumvi kupita bahari yenyewe, hata pengine hubaki uwanja mweupe usioota kitu.

Mchu huishi pembezoni mwa uwanja huo kwa sababu umejaliwa njia ya kuitoa chumvi mwilini. Atakayelipitisha jani la mchu ulimini asubuhi ya kiangazi ataionja, na akiliinamisha juani ataziona chembe zake zikimetameta. Mkoko hauna hila hiyo. Wenyewe huizuia chumvi mlangoni, katika mizizi, na kwa hiyo hupenda mahali ambapo bahari huja mara kwa mara ikaisafisha chumvi isirundikane. Mbegu yake, kadhalika, imeumbwa kwa ajili ya mahali pake. Haianguki ikiwa mbegu, bali huota ingali juu ya mama yake, ikarefuka na kuning'inia kama mkuki wa kijani, na siku ya kuanguka, ikiwa maji yamekupwa, hujichoma wima katika tope na kuanza maisha hapo hapo. Ikiwa yamejaa, huelea mpaka itue mahali pengine. Mlilana na mchu hupenyeza juu ya tope vidole vya mizizi, maelfu kwa maelfu, ambavyo kazi yake ni kuvuta hewa maji yanapokupwa. Msinsi huvitoa vyake vikiwa vimekunjwa mfano wa magoti.

Kwa hiyo ule msitu ulioonekana mmoja ni biotopu kadhaa zilizopangana, na mpaka baina ya moja na nyingine waweza kuwa kimo cha shibiri moja tu ya ardhi. Wanyama nao wameupokea mpango huo. Tondo hutambaa juu ya tope lililo kivulini, wadogo wakiramba utando wa juu na wakubwa wakila majani yaliyoanguka. Kaa wadogo, wale ambao dume ana gando moja kubwa kuliko mwili wake, huchimba mashimo yao penye jua, na kwa kuchimba huko huingiza hewa chini ya ardhi isiyokuwa na hewa, wakaifanya ifae kwa mizizi. Jambo hili halitajwi vya kutosha, nami naliona kubwa: kwamba mahali humfinyanga mkaazi, na mkaazi naye hupafinyanga mahali. Hata wanadamu wa pwani wamefinyangwa. Vyumba vya majumba ya mawe ya Lamu na Unguja ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haikuruhusu dari pana zaidi, na boriti hizo hizo, zikipakiwa majahazini, zilikwenda kupimia upana wa vyumba vya Uarabuni na Ghuba, nchi zisizokuwa na miti mirefu ya kujengea.

Yapasa nikiri, kwa insafu, kwamba huko kulingana kwa hali ambako ndiko sifa ya biotopu ni jambo la kadiri, lenye kutegemea ni nani anayetazama. Kwa mpima ardhi, ukanda wa mkandaa ni hali moja kuanzia mwanzo wake mpaka mwisho wake. Kwa kaa, chini ya mzizi na juu ya mzizi ni nchi mbili. Kwa kijidudu kikaacho katika dimbwi lililobaki ndani ya tundu la mti, dimbwi hilo ndilo dunia. Hakuna kosa katika hilo, mradi tu mwenye kusema aseme anapima kwa jicho la kiumbe gani.

Wala maskani ya kiumbe kimoja si lazima yatoshee ndani ya biotopu moja. Mfano bora niujuao ni kima punju, ambaye kwa asili hapatikani popote duniani isipokuwa Unguja. Yuko katika msitu wa Jozani, chini ya miti mirefu yenye maji miguuni. Lakini makundi mengine huenda kwenye mikoko ya ghuba ya Chwaka kutafuta majani machanga, na mengine huingia katika mashamba ya watu, yakala majani ya mikungu na ya miembe, kisha yakaokota makaa ya kuni na kuyatafuna. Wataalamu waliowafuatilia wameeleza kuwa makaa hayo hunyonya vitu vya kudhuru vilivyomo katika majani yale, na hivyo mnyama huyu hupata chakula mahali ambapo wenziwe wasingekipata. Mtu ambaye angelinda msitu peke yake, akaacha mikoko ikatwe na mashamba yabadilike, angelidhani kuwa amemlinda kima, kumbe amemlindia chumba kimoja tu. Ndiyo maana Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, imejumlisha msitu na mikoko pamoja, ingawa wako kima wengi ambao hata leo wanaishi nje ya mipaka yake. Kamba nao, ambao wavuvi wa Rufiji wanawategemea, huzaliwa katika bahari ya wazi, wakaingia mikokoni wakiwa wadogo kukulia humo, na kurudi baharini wanapopevuka. Maskani yao hubadilika kwa umri.

Mahali pakiharibika, haitoshi mti wenyewe kuwa na afya. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara mpaka katika hori ya Mwache, karibu na Mombasa, na udongo huo ukaifunika mizizi ya kupumulia. Hakuna aliyeipiga miti hiyo shoka wala aliyeitia moto, lakini ilikufa kwa wingi, imesimama. Kuna na makosa ya watu wenye nia njema, ambayo hunisikitisha zaidi. Katika nchi nyingi za joto, watu waliohimizwa kupanda mikoko wamechagua ile mbegu ndefu ya mkoko kwa kuwa ni rahisi kuiokota na kuichomeka, wakaenda kuichomeka katika tope tupu lililo mbele ya msitu, mahali ambapo tangu zamani hapakuota mti kwa sababu maji hupafunika muda mrefu mno. Na baada ya picha kupigwa na wageni kuondoka, miche ikafa. Gazi, kusini ya Mombasa, ambako watafiti wa bahari wa Kenya walianza majaribio yao mwanzoni mwa miaka ya 1990, jambo la kwanza ni kuujua mti na kimo chake kwa maji, kisha ndipo huja kupanda. Watu wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko katika mpango uitwao Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, na malipo wanayopata kwa hewa ya ukaa iliyozuiliwa katika miti na tope hilo huenda katika maji na shule za vijiji vyao.

Nimekwisha kusema habari za mahali pakubwa. Sasa niseme habari za mahali padogo kupita kiasi. Mto Kihansi, nchini Tanzania, hutoka katika nyanda za juu na kuteremka kwa nguvu kwenye genge la milima ya Udzungwa, ukielekea bonde la Kilombero. Katika korongo lake mna maporomoko yapatayo mita 100, na zamani, mto ulipokuwa mzima, maji yaliyopiga miambani yalirusha rasharasha usiku na mchana, mwaka hata mwaka, juu ya miteremko midogo iliyoota mimea mifupi na mororo. Jua likiwaka kwingine, hapo palikuwa na ubaridi. Kiangazi kikikausha kwingine, hapo palilowa. Eneo lote lenye hali hiyo lilikuwa kiasi cha hekta 2 tu. Mwaka 1996, ujenzi wa mtambo wa umeme ukiwa umekwisha anza, wachunguzi wakaona hapo chura mdogo wa rangi ya manjano, mwenye urefu usiofika sentimita 3, ambaye hakujulikana kwa mtaalamu yeyote na hajaonekana mahali pengine popote mpaka leo. Chura huyo hatagi mayai majini kama walivyozoea vyura. Huzaa vitoto vilivyo kamili, vidogo kiasi cha kukaa juu ya ukucha, navyo huanza kutafuta wadudu katika majani yaliyolowa bila ya kupitia hali ya kiluwiluwi.

Tafakari jinsi maskani hayo yalivyokuwa madogo. Mtambo ulipoanza kazi, kuelekea mwaka 2000, maji yaliyo mengi yaligeuzwa, yakaingia katika handaki kwenda kuzungusha mashine zenye uwezo wa megawati 180, na korongo likaachiwa sehemu ndogo mno ya mto wake. Nchi ilihitaji umeme huo, na anayesoma chini ya taa hana haki ya kuudharau. Lakini rasharasha ilikatika. Mimea iliyozoea kulowa ilinyauka, magugu ya nchi kavu yakaingia mahali pake, na siafu, ambao zamani hawakuweza kupita juu ya majani yale yenye maji, wakapata njia. Hapakuchimbwa shimo katika makao ya chura huyo, wala hapakulimwa. Kilichoondolewa ni manyunyu, na manyunyu ndiyo yaliyokuwa nyumba.

Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa na kupelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, na baadaye wengine wakatunzwa Toledo, Ohio. Mwaka uliofuata mabomba yalitandazwa korongoni, yakiteremsha maji kutoka juu bila ya mashine na kuyatoa kwa vinyunyizio vidogo, ili pawe na kitu kinachofanana na ile rasharasha. Kwa muda ilionekana kuwa dawa imekubali, kwa sababu katikati ya mwaka 2003 vyura walikadiriwa kwa maelfu. Kisha, katika muda wa miezi michache, wakapukutika, na mwanzoni mwa mwaka 2004 walioonekana walihesabika kwa vidole. Katika mizoga ilikutwa kuvu ambayo imeua vyura katika mabara mengi; tena wako walioshuku maji yaliyofunguliwa kulisafisha bwawa la mtambo, wakisema yaliteremka na tope lenye masalia ya dawa za mashambani. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Huko Marekani vilevile wengi walikufa hapo mwanzo, kwa kuwa watunzaji walikuwa na chura mikononi lakini hawakuwa na mahali pake. Iliwapasa kujifunza kidogo kidogo ni mwanga wa namna gani, ni unyevu kiasi gani, ni mdudu wa ukubwa gani, mpaka ndani ya masanduku ya kioo wakaunda sehemu ya korongo la Udzungwa, na hapo vyura wakaanza kuzaana. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa nchini na kuwekwa katika chumba maalumu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 karibu 2,000 wakaachiwa Kihansi kwenyewe.

Kurudisha huko hakukumaliza kazi. Vinyunyizio huleta maji, lakini haviwezi kuleta upepo mkali uliokuwa ukisukumwa na maporomoko yenyewe, wala kuvu haijaondoka duniani, na hekta zile mbili hazikuongezeka. Kwa hiyo vyura wameachiwa tena na tena baada ya mara ile ya kwanza, huku wengine wakiendelea kufugwa ili akiba isikatike, na mabomba yanaendelea kunyunyiza. Kazi ambayo mto uliifanya bila ya mshahara sasa ina wafanyakazi, vipuri na bajeti ya kila mwaka, nayo haina tarehe ya kwisha.